Kompyuta Nane Sakafuni Kwangu

Mpwa wangu Neema,

Marahaba, hata kabla hujanisalimu. Anayekuandikia ni mtu ambaye bila yeye Buzuruga nzima isingechapa hata barua moja ya kuomba kazi. Mama yako mzima, bado anavuka ziwa kwenda Kamanga kufuata viazi.

Umeniuliza kama hiyo Linux unayoendeshea kompyuta badala ya mfumo wa kila mtu ina maisha mbele, maana wenzako chuoni wanakucheka. Sikiliza. Juzi mwalimu mkuu mmoja wa Mkolani alikuja hapa steshenari kwangu na flashi yenye mitihani ya shule nzima. Maduka matatu yalishamwambia virusi vimekula kila kitu. Nikaichomeka kwenye ile kompyuta kuukuu uliyoifufua kwa Linux kabla hujaondoka. Mafaili yote yakatokea! Kumbe virusi vilikuwa vimeyaficha tu, na Linux haidanganyiki navyo.

Mwalimu akashika kichwa. "Masanja, wewe mchawi?"

"Hii ni elimu, mwalimu."

"Elimu gani, na darasa la saba ulikimbia?"

Sasa ameniletea kompyuta nane chakavu zilizokuwa zinatupwa, niziwekee Linux kabla shule haijafunguliwa. Kwa hiyo hayo maisha ya mbele unayouliza yamepangwa hapa sakafuni kwangu. Asante sana, mwanangu. Nimeheshimika kwa mikono yako.

Ila nikwambie kitu. Siku ile unanielekeza namna ya kuiweka, nami naitikia "mh, mh", nilikuwa nasinzia. Nipigie, tuanze mwanzo kabisa.

Mjomba wako,
Masanja