Mlingoti wa Nagongera Usiupande Bado

Mpendwa mwanangu Wandera,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani Lunyo. Baba yako anakusalimu, mguu umepoa kidogo. Bibi yako anakusalimu, anauliza huko wanakupikia samaki au ni maharagwe tu. Dada yako Nabwire na mtoto wake wanakusalimu. Mimi nakusalimu pia, lakini nina neno la kukuambia.

Unakumbuka siku uliyofunga ile sahani ya kunasa intaneti juu ya bati letu? Ulinieleza kama sukari: intaneti unainunua kwa jumla pale Busia, unawapimia wenye maduka, nao wanawapimia wateja. Ukasema, "Mama, kazi yote iko kwenye njia. Njia ikiwa ya bei ndogo, hata mtu wa shamba atanunua."

Kisha mawingu yakajikusanya, wewe uko mjini. Si unajua kwetu radi ikija tunafunika vioo na kila kinachong'aa? Nikapanda ngazi, nikaifunika sahani yako na blanketi la baba yako. Wenye maduka wakaja mbio: "Mama Wandera, umetufungia dunia!" Uliporudi ulicheka mpaka ukakaa chini. "Mama, umefunika Lunyo nzima na blanketi moja!"

Nilicheka na mimi. Sasa sicheki, mwanangu. Ulipopiga simu ulisema huko Nagongera ulikokwenda utasimamisha mlingoti mmoja mrefu wa intaneti badala ya mitatu, gharama ishuke. Nikauliza, na ule waya wa shaba wa kupeleka radi ardhini? "Huo ni ghali, mama, utangoja." Utangoja nini? Radi ya huku inamngoja nani?

Jumapili radi ilipiga upande wenu huo wa Tororo, vikombe vikalia kabatini. Tangu hapo simu yako haipatikani. Nabwire anasema ni chaji tu. Baba yako anaangalia barabara.

Mimi sikusoma, hesabu zako siziwezi. Lakini punguza kwingine. Wenye maduka wangoje. Waya uteremke ardhini kwanza, ndipo wewe upande juu.

Barua hii nampa mwenye boda anayekuja soko la huko. Nimemwambia akuone kwa macho yake, na asirudi mikono mitupu. Usimwambie tu "mwambie mama niko salama". Andika mwenyewe, hata neno moja, mwandiko wako naujua. Fanya haraka, mwanangu.

Ni mimi mama yako, nisiyepata usingizi