Meja Anatafakari

Queensbury, London
Jumapili, 2 Februari 2025

Mwanangu Ummukulthum,

Assalaam alaykum. Mie baba yako nina miaka themanini na tatu. Nimeyapita mapinduzi, nimewazika wake wawili, Mungu awarehemu, nimewazika ndugu wanne wa tumbo moja, nimekiona kiwanda cha mikate nilichokitumikia miaka ishirini na sita kikibomolewa, na yule daktari aliyeniambia niache chumvi yeye kesha kufa na mie chumvi naila. Kwa hiyo usiniandikie tena kuniuliza kama ntawaweza wanyama wawili walio wadogo kuliko kiatu changu.

Afya yangu nzuri mno. Wewe hujambo? Baridi ya huko visiwani Orkney ikoje, na hao wazee unaowauguza wanakula? Vaa soksi mbili.

Sasa habari ya vicheche wako. Unataka niwaite fereti. Nawaita nipendavyo, kwani hawaitiki. Kwetu mnyama wa namna hii tulimkimbiza na rungu kwa kuiba kuku, huku London mie namkatia kuku vipande vidogo vidogo nampelekea. Nafanya kwa ajili yako mpaka urudi, na kwa ahadi uliyompa yule mgonjwa wako, Bwana Anselm, siku aliyokata roho, kwamba utawatunza mpaka mwisho wao. Ahadi kwa mtu anayekufa si mchezo, hilo nalijua.

Yule jike, Biskuti, mkia umenyonyoka, umebaki kama wa panya. Usishtuke. Ni upele. Mie nilikuwa na gari la punda Ng'ambo wewe hujazaliwa, na hapakuwa na punda wa upele aliyenishinda, watu walikuwa wakiniletea kutoka Bububu. Nimekwenda dukani kwa Yogesh nimenunua kiberiti upele, ule unga wa manjano, nimekichanganya na mafuta ya nazi, nimempaka mpaka masikioni. Nyumba inanuka kama fataki lakini atapona. Dume, Meja, mzima kabisa. Kaniibia soksi ya tatu wiki hii.

Simu usinipigie. Sisikii, na kile kidude cha sikio sikitaki. Barua ya hospitali imekuja, nimeikunja mara nne nimeitia chini ya mguu wa meza ya jikoni. Meza haiyumbi tena.

Baba yako,
Matar


Stromness, Orkney
Ijumaa, 7 Februari 2025

Baba yangu,

Waalaykum salaam, na shikamoo. Mimi sijambo, upepo tu wa huku unataka kuninyang'anya mtandio kila nikitoka. Barua yako nimeisoma wakati wa chai. Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Baba, muoshe Biskuti leo hii hii. Si upele. Bwana Anselm alikuwa na fereti mwengine kabla ya hawa, na alianza hivyo hivyo, mkiani. Ni ugonjwa wa tezi ndogo zilizo karibu na figo. Zinamwaga homoni kupita kiasi, manyoya yanadondoka, mnyama anajikuna, anakuwa mkali. Punda wako hawakuwa na ugonjwa huu. Dawa ipo: daktari anamtia kidude kidogo chini ya ngozi, kinafanya kazi mwaka mzima na zaidi. Lakini lazima aonwe. Mpeleke kwa Dhiren, yule daktari wa wanyama karibu na stesheni. Baba yake kazaliwa Kisumu, Kiswahili anakifahamu, kwa hiyo huna kisingizio.

Na niangalilie mambo mawili, uniandikie wazi. Biskuti, sehemu zake za siri zimevimba? Na Meja, anakojoa vizuri? Dume akipata ugonjwa huu, tezi dume inavimba na mkojo unaziba. Ukimuona anajikamua kwenye trei yake ya haja na hakitoki kitu, hiyo si ya kungoja kesho.

Barua ya hospitali itoe chini ya meza, uisome. Hawakuandikii kwa kukosa kazi.

Mwanao,
Ummukulthum


Queensbury
Alhamisi, 13 Februari 2025

Ummukulthum,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima. Mie mzima, ila barua yako ilinipandisha damu.

Nimekusomesha, nimekuozesha, nimesimama kwenye theluji kukungojea utoke zamu. Sikukulea uje kuniuliza mambo yale. Mtu na baba yake! Yale uliyoyaandika katikati ya karatasi nimeyaruka, na ukurasa nimeukunja usije ukaonekana na mtu. Marehemu mama yako miaka thelathini hakunitajia neno hata moja katika hayo, na tulikuwa na watoto watano.

Biskuti nimemuosha, kaning'ata. Manyoya sasa yamekwisha mpaka kiunoni. Kwa Dhiren sijaenda. Nikienda ataniuliza yale yale mbele za watu, nawajua madaktari.

Kuhusu lile jengine, nakujibu kwa heshima. Biskuti yuko kama alivyo. Meja hana neno. Siku hizi anakaa sana kwenye trei yake, kainama, katulia. Anatafakari.

Meza bado imara.

Baba yako,
Matar


Stromness
Jumanne, 18 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama. Naipeleka posta mwenyewe, kwa stempu ya haraka, wala sijavua sare.

Anatafakari nini, Baba?

Mimi kazi yangu hii. Hapa nina wanaume tisa wa umri wako, na kila siku naandika kwenye fomu kila mmoja kakojoa saa ngapi, kiasi gani, rangi gani. Yumo aliyekuwa nahodha wa meli, yumo aliyekuwa kadhi wao wa mahakamani. Mmoja wao ananiita, "Nurse, leo imetoka kidogo," nami naandika, nampa chai, maisha yanaendelea. Hakuna aliyevunjiwa heshima. Najua habari za chini za wanaume wasionihusu hata kidogo, na baba yangu mwenyewe anakunja karatasi.

Nisikilize. Fereti anayeinama kwenye trei hatafakari. Anajaribu na hawezi. Mkojo ukiziba, ana siku moja tu, pengine haifiki. Sikuombi uniandikie mimi. Mwambie Thérèse wa mlango wa pili, yeye Kiswahili chake cha Bukavu hakina aibu, ataniandikia kwenye simu. Au usimwambie mtu. Mchukue tu, umpeleke.

Nilimshika mkono Bwana Anselm nikasema ndiyo. Usinifanye mwongo.

Mwanao,
Ummukulthum


Stromness
Jumatatu, 3 Machi 2025

Baba,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Siku kumi na tatu sina barua yako. Nakuuliza hali, na safari hii nauliza kweli.

Nimemuandikia Thérèse. Kanijibu kwamba upo, mzima wa kutembea, na kwamba alikuona Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili unachimba bustanini bila kofia, akakusalimu kwa juu ya ua hukumsikia, au hukutaka. Kaniambia pia ukuta wa baina yenu mwembamba. Siku moja alihesabu choo chako kimevutwa mara kumi na moja kabla ya adhuhuri.

Mara kumi na moja, Baba. Fereti hawatumii choo.

Mkataba wangu hauishi mpaka mwisho wa Aprili, na nimeshaomba ruhusa mara mbili, wamenikatalia. Niandikie. Andika vibaya, andika kwa hasira, lakini andika.

Mwanao,
Ummu


Queensbury
Jumapili, 9 Machi 2025

Mwanangu Ummu,

Assalaam alaykum. Ramadhani karimu nawe. Mie ni hai. Meja hayupo. Nakueleza kwa mpango, usiruke mstari, maana mie sitaruka.

Jumatano ile, tarehe kumi na tisa, nilimuona kwenye trei tangu asubuhi. Kapinda mgongo, kanikazia macho, anajikamua, hakitoki kitu. Usidhani sikujua. Alikuwa na sura ile ile ninayoiona kwenye kioo cha chooni. Lakini nikakaa na kalamu nikitafuta namna ya kukuandikia yenye adabu, nikasema itakuja kesho. Alhamisi haikuja. Ijumaa ikaja barua yako, nikasoma "siku moja tu", nikahesabu, zimekwisha mbili.

Nilimtia Meja ndani ya koti, Biskuti nikamtia kikapuni, nikaenda kwa miguu, sikungoja basi. Kwa Dhiren kumejaa. Akatoka mwenyewe, akasema kwa kile Kiswahili chao cha dukani, "Mzee, iko nini?"

Nikamwambia, "Mnyama hana raha."

"Hana raha wapi?"

"Huku chini."

"Chini wapi? Mguu?"

Watu wote wananitazama, na nusu yao Wahindi wa Nairobi na Mombasa, Kiswahili wanakisikia kuliko mie. Bibi mmoja mwenye kasuku tunduni akaniambia, "Sema, baba, daktari hatakula wewe."

Nikasema. Na unajua mie na haya masikio, sauti yangu siipimi. Nilisema, "HAWEZI KUKOJOA!" Hata kasuku alinyamaza. Halafu ajabu, mwanangu, hakuna kilichotokea. Bibi akasema "pole". Dhiren alimpokea Meja kwa mikono miwili, akakimbia naye ndani.

Alimtia mpira mwembamba kama uzi, mkojo ukatoka, nikafurahi, nikaanza kuwasimulia watu habari za punda. Lakini figo zilikwisha kuingia sumu. Jumamosi saa nne asubuhi Dhiren alikuja mlangoni mwenyewe na kisanduku, kwa kuwa anajua simu siipokei. Akasema, "Mzee, ungeleta yeye Jumatano..." hakumaliza, ana adabu. Namalizia mie. Angeishi. Nimemzika karibu na ua, pamoja na ile soksi. Siku nikikutana na huyo Anselm wako nitamjibu mie. Wewe ahadi uliishika, aliyeiangusha ni baba yako.

Biskuti ni mzima. Ulichoniuliza ndiyo, zilikuwa zimevimba, sana, tangu Januari, na niliona. Dhiren kamtia kile kidude baina ya mabega, mfano wa punje ya mchele. Uvimbe umeanza kushuka. Manyoya bado, kasema ni miezi, ila mgongoni pameanza vinyoya kama vya kifaranga. Kasema pia wanataka giza la kutosha, na mie nilikuwa nikiwaacha na taa na televisheni ili wasione upweke. Sasa ikifika saa kumi na mbili jioni nafunika tundu kwa kanga ya mama yako, ile ya rangi ya damu ya mzee, naye analala.

Sasa langu.

Nilimuuliza Dhiren Jumamosi ile pale pale mlangoni, na mtu je, likimpata jambo kama hili? Akaniambia, "Mzee, mimi daktari ya wanyama." Nikamwambia nimeona wanyama wengi wenye tabia nzuri kuliko mie. Hakucheka. Akaniandikia kikaratasi, akaniambia nikiona pameziba kabisa niende hospitali saa hiyo hiyo, kama si hivyo niende kituo cha afya asubuhi ya Jumatatu. Nilikwenda Jumatano. Jumatatu na Jumanne nilikuwa nakasirika.

Mkojo unanipa tabu tangu mwezi wa Rajabu. Nimeandika. Nimeutazama huo mstari muda mrefu, na dari haijaniangukia. Naenda mara kumi na moja, Thérèse kahesabu vizuri, na inayotoka ni kidogo, na mwishoni inauma. Wamenitoa damu, wamenipa miadi ya kuangaliwa tezi tarehe ishirini na nne, hospitali ile ile ya kwenye barua. Kufunga wamenikataza, wanataka ninywe maji, na hilo limeniudhi kuliko yote, maana tangu nipate akili sijala Ramadhani mchana hata siku moja.

Wamenipa na fomu. Siku tatu niandike nimekojoa saa ngapi, kiasi gani, kwenye kikombe chenye mistari. Nilitaka kuitupa. Nikakumbuka hao wanaume wako tisa, yule nahodha na yule kadhi. Nimeijaza yote, wino wa buluu, skuli nilikaa miaka miwili lakini tarakimu sijapata kukosea. Moja nimewapelekea wao. Ya pili nimeinakili kwa mkono wangu, imo humu ndani ya bahasha. Isome kama unavyosoma zao, halafu uniambie kweli, usinifiche.

Herufi zikionekana zimepinda si mkono wangu. Barua ya hospitali nimeitoa chini ya mguu na meza inayumba.

Yote haya ni kweli. Ya Meja muulize Dhiren, au yule bibi wa kasuku, anakwenda pale kila Ijumaa. Ya choo muulize Thérèse na ukuta wake. Ya kwenye fomu hana mtu wa kuyashuhudia ila Mungu na mie, na kuanzia utakapofungua bahasha, wewe.

Baba yako,
Matar