Nice Hakula Kitu

Duka la Mapazia,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Jumapili, 2 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Matilda,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Uswidi? Shemeji hajambo, na watoto? Ule mgongo uliosema unakuuma kwa kuwanyanyua wale wazee kazini umepata nafuu? Uukande kwa maji ya moto, usijikaze kama mama. Sisi huku wazima, ila joto la mwaka huu limetushinda, na mimi nimechoka, mdogo wangu. Siyo uchovu wa kulala ukaisha. Mteja ananiuliza bei ya pazia, nabaki namwangalia tu kama sijamsikia.

Usishangae kuona karatasi. Padri Leodegar anakuja huko masomoni, nimemwomba anibebee. Kwenye simu siwezi, maana simu yangu Nice anaishika muda wote, na tukiongea kwa sauti wewe huwa unanikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza.

Nianze na zuri. Mwanao Nice amekuwa wa pili kidato cha tatu kizima, na huyo wa kwanza amerudia darasa, kwa hiyo jijazie mwenyewe. Fizikia hakuna anayemsogelea. Mwalimu Severine alisema mbele ya wazazi wote kwamba hajawahi kufundisha mtoto anayeuliza maswali kama yule. Niligeuka nyuma taratibu nione kama Mama Victoria amesikia. Alikuwa amesikia.

Sasa lililonifanya niandike. Ile mashine ya insulini uliyomletea Nice mwaka jana ilitupumzisha sana, Mungu akulipe. Anaivaa kiunoni, kile kitufe cha mkononi wanachokiita sensa kinapima sukari, kinaiambia mashine, na mashine inampa dawa yenyewe bila sindano. Namba zinatokea kwenye simu, kwake, kwangu, na kwako huko huko Uswidi. Nisikufiche, niliringa nayo. Hakuna mteja aliyenunua pazia kwangu bila kuonyeshwa zile namba. Hata kile kipimo chetu cha kuchoma kidole nilikitoa kliniki mbele ya watu, nikampa mama mmoja wa Mbagala, nikamwambia chukua dada, sisi huko tumeshahama.

Mwezi wa pili ulipoanza, namba zikawa zinapanda. Kumi na nne, kumi na sita, na mwisho wake ni kumi, mchana kweupe, mtoto amekaa darasani. Wewe uliziona, na ukamtumia Nice ule ujumbe wa sauti. Ulimwambia kama hawezi kuufunga mdomo wake, kuna watoto wengi wanaoitaka hiyo mashine. Sikulaumu, maana mimi nilifanya zaidi. Nilipekua begi lake natafuta biskuti. Nilimfuata mama wa kantini ya shule nikamkataza asimuuzie hata kashata.

Nice akaniambia, "Mama, sijala kitu. Hiki kitufe kinadanganya." Nikamjibu kitu kimetoka Uswidi, kitadanganyaje?

Jumamosi ya tarehe kumi na tano alikuwa na mimi dukani, tunapima pazia la bibi harusi mmoja kutoka Upanga. Kama saa sita hivi akaniambia anatetemeka, anaomba soda. Nikaangalia simu. Kumi na sita nukta nne. Nikamwambia soda gani na sukari iko juu hivi, unanichezea akili? Akaenda mwenyewe kwenye friji ya jirani, akatoa soda. Nikamnyang'anya mkononi, Matilda. Mbele ya wateja. Nikamwambia akae chini anyamaze.

Akakaa juu ya belo la mashuka. Jasho lilikuwa linamtiririka nikadhani ni joto, maana sote tulikuwa tunatiririka. Nilipogeuka tena alikuwa ameanguka kati ya mabelo, macho yamegeuka.

Aliyemwokoa ni Mzee Mwinyimvua, yule anayeuza zipu na vifungo mlango wa pili. Yeye mwenyewe ana kisukari na kipimo chake hakimtoki mfukoni. Alimchoma kidole palepale. Moja nukta tisa, na chini ya nne ni hatari. Nikamwonyesha simu, namwambia mbona huku imeandika kumi na sita. Alinifokea mpaka wapita njia wakasimama: "Mama Nice, unaamini simu kuliko mtoto uliyemzaa? Lete sukari!" Asali ikatoka kwa jirani, akampaka kwenye fizi kwa kidole, kidogo kidogo, isimpalie. Tukampakia kwenye bajaji mpaka hospitali, wakamtundikia dripu. Alipofungua macho alinitazama, kisha akageukia ukutani.

Walinieleza baadaye. Sukari ilikuwa inashuka, lakini sensa mbovu inaiambia mashine imepanda. Mashine nayo haina kosa, inatii. Ikaongeza dawa, ikaongeza tena. Yaani tulikuwa tumemvalisha mtoto kitu kinachomshusha, na kila akisema tunamwita mwongo.

Lakini sikiliza mwanangu alichokuwa anafanya. Alikuwa na daftari. Kila namba ilipopanda aliandika saa, alikuwa amekula nini, na mwili unasemaje. Ameandika kwamba sukari yake ikipanda kweli huwa anapata kiu na kwenda chooni, ila siku hizi namba inapanda naye hana kiu, anatoka jasho na mikono inatetemeka. Ameandika kwamba kila kitufe cha lile boksi ulilotutumia Krismasi kinakwenda vizuri siku mbili, ya tatu kinaanza kuruka kama panzi, hata akiwa amelala chali bila kukigusa. Mwisho akapigia mstari: "Siyo mimi. Ni boksi." Nesi Angelina wa kliniki alilisoma amesimama, akaenda kumwita daktari. Daktari bingwa, Matilda, siyo hawa wanaojifunza! Akalipiga picha kurasa zote, akasema hata wagonjwa wazima hawamletei kitu kama hiki. Nilisema pale wodini ni mwanangu huyo, nikasikia sauti yangu imetoka kama ya mtu mwingine.

Kisha nesi akaniuliza lile boksi nilikuwa nalihifadhi wapi. Nikajibu kabatini, ndani, mahali pa baridi. Nice alikuwa kitandani pale pale. Alijua nimedanganya.

Ukweli nakuandikia wewe. Niliogopa wasiliibe, kwa jinsi nilivyokuwa nimelitangaza mtaa mzima. Nikalifungia stoo ya nyuma, juu kabisa ya mabelo, chini ya bati. Wewe unalijua bati la pale Januari, mshumaa unapinda wenyewe. Wiki saba limekaa. Jumatatu yake nilirudi kliniki nikamwambia Nesi Angelina. Hakunigombeza. Alisema vile vitufe vinaharibika kwa joto, na ukivitazama kwa nje huoni tofauti. Akanipa sheria moja: namba ikisema hivi na mwili ukisema vile, choma kidole, na kama huna cha kuchomea, mpe sukari kwanza, maswali baadaye. Kipimo kipya tunacho. Boksi lote nimelirudisha kwao waliteketeze.

Nilipofika nyumbani nikamwambia Nice pia, nikamwomba msamaha. Alisema sawa, Mama. Lakini mashine alikuwa ameshaivua, akairudisha kwenye mfuko wake, akaanza upya sindano, mara nne kwa siku, nyingine anajichoma chooni shuleni. Nesi akampa vitufe vizima vya kuanzia, Nice akaviweka pembeni. Nikambembeleza. Baba yake, Aristides, ambaye habembelezi mtu, naye akabembeleza. Akatujibu kwa upole, na ndiyo maana silali: "Mashine haijanitisha, ikikosea nitajua. Nyie ndio siwezi kujua mtaniamini lini."

Jana niliketi naye nikamwambia atoe zile namba kwenye simu yangu, mimi nikiangalia. Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Akazitoa. Imebaki kengele ya sukari kushuka tu, nayo nesi ndiye aliyesema ibaki. Mkono wangu bado unaitafuta ile simu kila baada ya dakika kumi, utafikiri nimeacha chungu jikoni.

Sasa nakuomba, mdogo wangu, na sijawahi kukuomba jambo gumu. Na wewe zitoe kwako. Najua wewe ndiye uliyehangaika ukaipata hiyo mashine, najua ukiwa mbali zile namba ndizo zinazokupa usingizi. Zitoe hivyo hivyo, mpaka siku atakapokurudishia mwenyewe. Halafu mwandikie kwa mkono wako kwamba ule ujumbe wa sauti ulikosea. Bado anao kwenye simu, hajaufuta. Usimwekee zawadi ndani. Mimi nimelibeba la kwangu, hilo la kwako siwezi kukubebea.

Leo asubuhi tukijiandaa kwenda misa aliniita nimfunge zipu ya gauni mgongoni. Nikaiona mashine kiunoni, ameivaa mwenyewe, na kitufe kipya mkononi. Sikuuliza ameivaa lini. Nilipandisha zipu taratibu nisiubane ule mpira mwembamba wa dawa, na yeye alisimama mpaka nikamaliza. Kwa hiyo ukimwandikia, usimuulize mashine. Muulize habari za shule.

Baba Nice anakusalimu. Mzee Mwinyimvua anasema umletee koti, sijui la nini hapa Kariakoo. Mama kule Rombo hajaambiwa kitu, tafadhali tusimwambie. Msalimie shemeji, wabusu Pius na Selina. Jumatano tunapakwa majivu, nitakutaja kwenye sala. Mungu akushike mkono wewe na nyumba yako, na mgongo wako aunyooshe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu ulipokuwa mgongoni mwangu,

Severa (Mama Nice)