Vidonge vya Kunituliza

Kambini, Antaktika
Agosti

Dada yangu mpendwa Nélida,

Pokea salamu kutoka huku ambako hata jua lilitukimbia. Goti lako linaendeleaje? Na kasuku wako, bado anayarudia matusi niliyomfundisha? Mimi ni mzima, na uzima huo ndio habari yenyewe.

Uliniambia bandarini kwamba nikirudi Rosario mtu mtulivu, chumba changu nyumbani kwako kipo. Nikirudi na mdomo uleule, nitafute hoteli. Sikubisha. Hilo peke yake lingekutisha.

Daktari wetu, Inés Bracamonte, alitueleza kwamba baridi na giza huvuruga homoni ya tezi ya shingoni, akili ikapoa na moyo ukazama. Akatugawia vidonge: wengine homoni halisi, wengine unga mtupu, wala hakuna aliyejua chake. Nilimpinga nikisema huo ni ubaguzi uliovaa koti jeupe, kisha nikameza kwa ajili yako, nikitumaini vitanituliza.

Dada, vilifanya kazi! Kufikia Juni nilikuwa kondoo. Ramallo, fundi wa jenereta, alidai timu yake ya kandanda ndiyo bora Ajentina nzima, nikamjibu huenda. Mpishi alisema vitabu ni vya wavivu, nikatazama ukuta. Kibuyu cha chai chungu kilipozunguka, nilisema ahsante zamu ileile ya kwanza. Nawe wajua, kwetu anayeshukuru ameshatosheka, kibuyu kinampita. Nikajipongeza: chumba ninacho.

Wenzangu walifadhaika. Ramallo alimwendea daktari akamlilia, “Doktora, turudishie yule mkorofi, tutakufa kwa ukimya humu. Mpishi ameanza kugombana na friji!” Daktari akakataa kuliharibu jaribio lake. Basi Ramallo, bila kumwambia mtu, akabadilisha chupa yake na yangu.

Wiki chache baadaye niliamka na njaa, na hoja. Kabla mkate haujaisha mezani, nilikuwa nimeishambulia timu ya Ramallo, supu ya mpishi na bunge zima. Nilikunywa kibuyu baada ya kibuyu bila kumshukuru mtu. Ramallo aliniita bwege mwenye maktaba, machozi yakimtoka kwa furaha, kisha akakiri alichofanya.

Daktari alitutukana sote, akaenda kutazama namba za chupa. Nilimfuata nikimsihi anirudishie vidonge vyangu vya utulivu kabla sijapoteza chumba. Alicheka hadi akakaa chini.

“Anselmo, chupa yako ilikuwa ya unga! Ule haukuwa utulivu, mzee, ulikuwa ugonjwa. Homoni ni hii ya Ramallo, iliyokurudishia huo mdomo.”

Sasa chagua wewe. Yule mtulivu unayemtaka nimeishi naye: hali chakula, hasomi, na majira yote ya baridi hakukuandikia hata mstari. Barua hii anakuandikia yule mwingine.

Msalimie kasuku, mwambie namletea maneno mapya. Meli ikinishusha nitagonga mlango wako. Ukifungua, weka maji motoni. Utanipa kibuyu, nitakunywa, nitakurudishia, na sitasema ahsante.

Mdogo wako mbishi,
Anselmo