Amemchosha Komba Wangu Siku Tano Mfululizo

Jumapili. Baridi imeuma tangu asubuhi, ule upepo wa Songea unaopenya hata sweta mbili. Nina hasira. Naandika nikiwa na hasira hiyo hiyo, msome au msisome, shauri yenu.

Mume wangu ameniharibia timu.

Mnaonijua hapa mnajua nacheza ule mchezo wa besiboli kwenye simu. Niliuanza nilipokuwa namnyonyesha Jeni, mkono mmoja kwa mtoto, mwingine kwa simu. Humkimbizi mtu. Wewe ni kocha tu: unapanga nani arushe mpira, nani apige, na kila siku saa kumi jioni mechi inajicheza yenyewe. Kazi iko kwa warushaji wa akiba, wale wanaoingia mwishoni mrushaji wa kwanza akishachoka. Kila mmoja ana mstari wa nguvu. Wa kijani, mzima. Wa njano, mwangalie. Mwekundu, mwache apumzike, la sivyo mkono unaharibika na unamkosa msimu mzima.

Wangu nimewapa majina ya huku kwetu. Ngonyani ni wa kawaida. Komba ndiye moto. Akiingia Komba, wapigaji wanapiga hewa.

Wiki iliyopita nilikwenda Mpitimbi kumsaidia mama kuvuna mahindi. Shambani mtandao hakuna, na timu ilibakiza mechi chache tu tupande daraja la kwanza. Mwaka mzima nimelipigania hilo daraja. Nikachukua kitochi cha Baba Jeni, kile kisimu cha vitufe, nikamwachia yeye simu yangu, nikamwambia kwa kituo: Komba akicheza leo, kesho apumzike. Akaitikia. Aliitikia kama anavyoitikia nikimwambia ndoo haina maji.

Komba amecheza siku tano mfululizo.

Nimerudi jana, mtu anajisifu mlangoni, hata mzigo hajanipokea. "Mama Jeni, mechi tano, ushindi tano! Nani kocha hapa?" Nikafungua simu. Mstari wa Komba mwekundu, umebaki kipande kama ukucha. Nauliza kwa nini, anacheka. "Sasa kipa unampumzisha? Kipa mzuri anadaka mpaka ligi iishe."

Kipa! Mpira wa miguu umemjaa huyu mtu kichwani mpaka hakuna pa kuweka kitu kingine. Nikamwambia kipa anaweza kusimama nusu saa hajagusa mpira, huyu anarusha kwa nguvu zake zote, kila mpira. "Si picha tu huyo," akasema. "Picha inachokaje?"

Nilikwenda kuosha masufuria ya wiki nzima, ugali umekaukia humo kama saruji.

Niseme ukweli, nilirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Jeni mgongoni, mahindi mbele. Siku ya tatu nilikuwa napukuchua, mama akanitazama tu. Akaja, akafungua mbeleko, akamchukua mtoto. "Kalale, mwanangu. Mahindi hayana miguu." Nililala mpaka jua likageuka. Sikuwa nimemwomba.

Mimi sina mstari wa rangi kichwani, lakini mama aliuona uchovu wangu. Komba anao, mwekundu kama pilipili, na Baba Jeni hakuuona.

Basi leo ndiyo mechi ya mwisho. Tukishinda tunapanda, tukifungwa tunabaki. Tangu tumetoka misa ya kwanza Baba Jeni ananifuata nyuma kama kuku aliyeona mtama. "Mweke Komba. Mara moja tu. Msimu ukiisha atapumzika." Na mpinzani wangu, mwalimu mmoja wa Namtumbo mwenye mdomo, kaandika kwenye kundi letu la wachezaji: "Mama Jeni, leso unayo?"

Nakiri hapa kwa sababu kwingine sitakiri: saa tisa na nusu nilimweka. Nilimweka kweli. Nikalitazama jina lake pale, na ule mstari pembeni yake. Nikalitazama sana. Kisha nikamtoa, nikamwingiza Ngonyani.

Tumefungwa kwa pointi moja. Raundi ya mwisho, mpira aliourusha Ngonyani mwenyewe ukapigwa mbali.

Baba Jeni akajipiga paja. "Si nilikwambia? Ungemweka Komba!" Na kinachoniuma, anasema kweli. Komba hata akiwa hoi angemmaliza yule mpigaji. Nalijua hilo kuliko yeye, kwa sababu Komba nimemlea mimi. Daraja limekwenda. Mwaka umekwenda. Mwalimu anatuma vikaragosi vya kucheka.

Na nikirudishiwa ile saa tisa na nusu, nitamtoa tena.

Nimemwambia hivyo Baba Jeni, kwa sauti ya chini maana Jeni alikuwa amesinzia: kwenye timu yangu aliyechoka haingii.

"Hata mkifungwa?"

"Hata tukifungwa."

Akatikisa kichwa, akavaa koti, aende kibandani kuangalia mpira wake wa miguu. Alipofika mlangoni akageuka, akauliza jioni tunakula nini.

Nilikuwa nimeshajilaza kando ya mtoto. Nimevuta blanketi, sijanyanyuka. Bado amesimama pale, namsikia anavyohema.

Asimame. Kesho kutakucha tu.