Rili Mbili za Baba Yustina

Jumamosi, Kirushya. Mvua tangu alfajiri, maharage yamefunikwa turubai, roho imetulia.

Ninawatangazia wananchi wote, walio jirani na walio mtandaoni, kwamba leo kabla ya chai rili ya pili imezunguka bila kukoroma.

Rili ni kile kigurudumu cha shaba kinachokunja mshipi wa kuvulia. Mume wangu, Baba Yustina, anazo mbili. Ujanani alikuwa akimfulia nguo daktari mgeni wa misheni, na daktari aliporudi kwao akamwachia, azitunze. Mzee akalichukua neno hilo kama kiapo cha ndoa.

Wakati mwingine nadhani ni zaidi ya kiapo cha ndoa.

Anazifungulia juu ya jani la mgomba, skrubu akizipanga zilivyotoka. Shaba anaisugua kwa majivu ya maganda ya ndizi na ndimu. Meno ya ndani anayapaka samli kwa unyoya wa kuku. Binti yetu alimletea kutoka Lusahunga dawa ya kung'arishia, ya kopo. Kopo sasa linatunza misumari.

Namtania, lakini naweza kumtazama mpaka chungu kikaungua. Sijaona mikono mikubwa namna ile yenye adabu namna ile.

Mikono hiyo ndiyo iliyomwokoa wakati wa vita. Sabuni ilikuwa hadithi, mafuta ya taa hakuna, na kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kinaona jasusi kwenye kila kichaka. Jirani akasikia tiki-tiki ya rili ndani kwetu, akapeleka habari kwamba tuna mtambo wa kuongea na adui. Mgambo wakaja. Lori la kumpeleka wilayani lilikuwa limeshawashwa, na mtu akipelekwa hujui anarudi lini.

Akaomba jani la mgomba. Mbele ya balozi wa nyumba kumi akazifungua zote mbili, kipande kwa kipande, na kwa kuwa hawezi kujizuia, akawa anazisafisha. Mgambo mmoja akaanza kumshikia skrubu.

Balozi akauliza, "Ndugu, na hao samaki unaowavua wako wapi?"

"Sili samaki, Ndugu Balozi. Kwetu hawaliwi."

Nikajua nimeshakuwa mjane.

Balozi akasema basi twende mtoni, avue tumwone. Tukashuka wote, na jirani yetu mbele. Baba Yustina akafunga rili kwenye mwanzi na kijiwe mwisho wa mshipi, akarusha. Mshipi ukaenda ukivuma kama nyuki hadi katikati ya maji. Akaukunja taratibu, kama mtu anayesali rozari. Akarusha tena, na tena, mpaka jua likapoa. Hakupata hata dagaa. Lakini ile shaba ilivyokuwa ikimeta, hakuna aliyeondoka.

Mwishowe balozi akapiga mwayo. "Jasusi huwa ana haraka," akasema. "Huyu hana. Mwacheni akalime."

Leo, mvua ikinyesha, nimemuuliza kitu ambacho miaka yote sikuwahi kukiuliza: samaki wa siku ile walimkwepaje wote?

"Mama Yustina," akasema bila kuinua macho, "daktari hakuniachia ndoana."