Chupa Niliyoibadilisha

Jumatatu, 14 Julai
Vipindi viwili vya kemia, kisha maabara na Kulwa wa kidato cha tatu. Jaribio lilelile. Moshi wa mkaa unapita kwenye amini, dawa inayonasa hewa ukaa, halafu unaingia kwenye maji ya chokaa. Hewa ikinaswa, maji yanabaki safi. Ikiponyoka, yanakuwa meupe kama maziwa. Leo yamekuwa meupe tena. Amini yetu imekaa sana stoo, nadhani imechoka. Mikono inanuka samaki kwa dawa hiyo.

Alhamisi, 17 Julai
Bado. Mkuu wa shule katangaza mstarini kuwa tutashinda maonyesho ya sayansi. Mimi ndiye niliyemwambia. Kiherehere changu. Naogopa.

Ijumaa, 18 Julai
Nimefanya. Kulwa akiwa darasani, nimemwaga maji ya chokaa, nikaweka ya bomba. Hayo hayageuki hata uyapulizie nini. Alipokuja kujaribu akaruka. "Imenasa, madam! Imenasa!" Akanikumbatia. Nikacheka naye. Mnafiki mkubwa.

Jumamosi, 19 Julai
Maonyesho, mjini. Baba yake Kulwa katoka kijijini kwao Kasokola, kaacha ng'ombe kwa jirani, kavaa koti. Kulwa kaeleza vizuri kuliko ninavyofundisha. Makofi. Kisha jaji mmoja akampa mrija: "Puliza humu, tuone kama ni chokaa kweli." Pumzi ya mtu ina hewa hiyohiyo. Kapuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Maji safi vilevile. Watu wakaanza kucheka.

"Samahani," akasema. "Nitakuwa nimekosea mimi kuchanganya."

Nilikuwa nyuma yake. Mdomo haukufunguka. Baba yake akavua kofia, akatazama chini.

Aibu. Sina neno lingine.

Jumapili, 20 Julai
Sikwenda kanisani. Ningemwambia nini Mungu ambacho sijamwambia mtoto?

Jumatatu, 21 Julai
Kulwa hakuja shule. Nimemweleza mkuu yote. Kaniambia nitoke ofisini. Nikapanda bodaboda hadi Kasokola. Nikasema mbele ya wazazi wake: hakukosea, chupa nilibadilisha mimi. Baba yake akaniletea kiti. Afadhali angenifukuza.

Kulwa kauliza jambo moja tu. "Kwani madam, amini yenyewe inanasa au hainasi?"

Nikamwambia ikiwa mpya inanasa. Hii yetu sijui.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kufungulia ndama. Mama yake akaendelea kupepeta mahindi. Nikakaa pale kwenye kiti mpaka jua likapoa. Hakuna aliyeniambia niondoke.